Plazma na Taka Hatarishi: Joto Pekee Halitoshi

Karibu kila tangazo la mtambo wa kuteketezea taka kwa plazma, yaani gesi iliyopashwa joto na tao la umeme hadi ikaanza kupitisha umeme, huanza kwa kutaja nyuzi joto: elfu tano, elfu kumi, hata elfu ishirini, na mara nyingi huongezwa kwamba joto hilo linazidi lile la uso wa jua. Nambari hizo si za uongo. Uso wa jua una takriban nyuzi 5,500 za Selsiasi, na kiini cha tao la umeme linalowaka vizuri huupita bila taabu. Tatizo ni kwamba zinajibu swali ambalo tangu mwanzo halikuwa gumu. Hakuna haja ya nyuzi 10,000 ili kuvunja molekuli ya sumu. PCB, yale mafuta sugu yaliyojazwa ndani ya transfoma na kapasita kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, huharibika katika tanuri la kawaida lenye nyuzi 1,200 endapo yatakaa humo kwa sekunde mbili pamoja na oksijeni ya ziada, na hicho ndicho kipimo ambacho kanuni za Marekani zimeyawekea matanuri yanayochoma mafuta hayo. Ikiwa moto wa kawaida unatosha, hapana budi kueleza kwa nini mtu agharimie tao la umeme. Nimelifuatilia suala hili kwa muda mrefu, na ninavyoona mimi, thamani ya plazma haimo katika ukali wa joto, bali katika namna joto hilo linavyopatikana na namna linavyozimwa.

Tao la umeme lenyewe si jambo geni. Mnamo 1802 Vasily Petrov aliliwasha huko Saint Petersburg kwa betri kubwa aliyoijenga, na miaka michache baadaye Humphry Davy akawaonyesha watu wa London mwanga wake mkali kati ya vijiti viwili vya mkaa. Volteji ikiwa ya kutosha, gesi iliyo kati ya elektrodi mbili hung'olewa baadhi ya elektroni zake, na mchanganyiko unaobaki, wenye elektroni huru, ioni na chembe zisizo na chaji, huanza kupitisha umeme. Mkondo unaopita humo huipasha gesi joto zaidi, joto hilo huzalisha elektroni nyingine, na tao huendelea kujilisha lenyewe mradi umeme haujakatwa. Hali hiyo ya gesi ndiyo ambayo Irving Langmuir aliipa jina la plazma mwaka 1928. Mchomeleaji wa vyuma huikabili kila siku nyuma ya kioo chake cheusi, viwanda vimeitumia kuyeyusha chuma tangu Paul Héroult alipobuni tanuri lake la tao mwanzoni mwa karne ya ishirini, na katika miaka ya 1960 wahandisi wa NASA waliitumia kupasha gesi joto ili kujaribu ngao za vyombo vya anga vinavyorudi duniani. Tochi za kuteketezea taka, yaani vifaa vinavyowasha na kuelekeza tao hilo, zilizokuja baadaye zilirithi mengi kutoka katika kazi hizo za chuma na za anga, na kwa maoni yangu urithi huo unaeleza kwa nini hufanya kazi vizuri zinapolishwa kitu kinachojulikana, kwa kiasi kisichobadilika, na kwa nini husumbua zinapolishwa mchanganyiko wa kila aina.

Tochi hizo ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza elektrodi zote mbili zimo ndani ya tochi, na gesi husukumwa kupitia kwenye tao ikatoka mdomoni ikiwa plazma. Katika namna ya pili elektrodi moja imo ndani ya tochi, na nyingine ni lile dimbwi la madini yaliyoyeyuka chini ya tanuri, hivyo umeme hupita hadi ndani ya kitu chenyewe kinachotakiwa kuyeyushwa. Ya kwanza hufaa gesi na vimiminika, ya pili hufaa majivu, udongo, asbestosi na vyuma. Ipo pia mitambo inayotumia vijiti vinene vya grafiti badala ya tochi za shaba zinazopozwa kwa maji, nayo ni rahisi zaidi kuitunza, ingawa grafiti hulika na lazima isogezwe mbele kadiri inavyopungua.

Faida kubwa iko hapa. Tanuri la moto hupata joto lake kwa kuunguza kitu, na kuunguza kunahitaji hewa, na asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni isiyochangia chochote katika kazi hiyo. Naitrojeni hiyo yote lazima ipashwe joto pamoja na taka, ipite katika chumba cha pili cha kuunguzia, ipozwe, isafishwe na kutolewa kwa bomba, ikibeba njiani vumbi na mabaki ya kila kitu ilichokutana nacho. Sehemu kubwa ya gharama ya tanuri zuri la taka hatarishi haiko kwenye moto bali kwenye mitambo ya kusafisha hewa hiyo. Tao la umeme halihitaji kuunguza kitu ili kupata joto. Mwendeshaji anaweza kuchagua kutia oksijeni, au mvuke, au kutotia chochote, bila kubadilisha kiasi cha nishati kinachoingia. Gesi inayotoka huwa kidogo sana kwa kila kilo ya taka, na gesi ikiwa kidogo, mtambo mzima unaweza kuwa mdogo na usafishaji ukawa wa kina. Zaidi ya hayo, umeme ukikatwa, joto jipya hukoma papo hapo. Tanuri la matofali lililojaa taka zinazoungua haliwezi kusimamishwa namna hiyo, na wanaofahamu ajali za matanuri watatambua uzito wa tofauti hiyo.

Mfano ninaoupenda, kwa sababu haukujaribu kufanya kila kitu, ni mtambo wa PLASCON uliobuniwa nchini Australia na shirika la utafiti la CSIRO kwa kushirikiana na kampuni ya SRL Plasma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulifungwa karibu na Melbourne, katika kiwanda cha Nufarm cha dawa za kuua magugu, ili kuteketeza masalia yenye klorini yaliyotokana na utengenezaji wa 2,4-D, mojawapo ya dawa hizo. Baadaye mitambo ya aina hiyo ilitumika kwa PCB, na pia kwa haloni, zile gesi za kuzimia moto zinazobomoa tabaka la ozoni. Tochi yake ni ndogo, ya takriban kilowati 150, inayopitisha mkondo mnyoofu katika gesi ya argoni. Taka ya kimiminika au ya gesi hudungwa moja kwa moja kwenye plazma inapotoka mdomoni mwa tochi, hupita katika bomba fupi kwa muda unaohesabiwa kwa milisekunde, kisha hukutana na mvua ya maji yenye soda kostiki inayoiporomosha kutoka zaidi ya nyuzi elfu moja hadi chini ya nyuzi mia moja kabla haijapata nafasi ya kufanya lolote jingine. Mitambo hiyo haichomi takataka wala haiuzi umeme. Hupokea kimiminika au gesi inayojulikana ilivyo, na hutoa maji ya chumvi pamoja na gesi kidogo.

Ni vizuri kupitia hesabu ya kemia yake, maana ndiyo inayoonyesha gharama zilikofichika. Chukua CFC-12, gesi ya majokofu ya zamani, ambayo molekuli yake ina kaboni moja, klorini mbili na florini mbili. Plazma ikiivunja bila kuipa kitu kingine, atomi hizo zitaungana tena kadiri zinavyopoa, na baadhi zitarudi kuwa kitu kibaya kama kile cha mwanzo au kibaya zaidi. Ndiyo maana mvuke hutiwa: hidrojeni ya maji huchukua klorini na florini na kuzifanya asidi hidrokloriki na asidi hidrofloriki, huku oksijeni ikiifanya kaboni kuwa kaboni dioksidi. Asidi hizo mbili hutulizwa kwa soda kostiki. Ukifuata uzito wa atomi, kilo moja ya CFC-12 hudai takriban kilo 1.3 za soda kostiki kwa ajili ya asidi peke yake, na huacha takriban kilo 0.97 za chumvi ya kawaida pamoja na kilo 0.69 za floridi ya sodiamu. Kwa maneno mengine, mabaki yana uzito mkubwa kuliko taka iliyoingia. Anayesema kwamba plazma hufanya taka zitoweke hajawahi kupiga hesabu hiyo. Hata hivyo biashara hiyo ina faida iliyo wazi, kwa kuwa kilo moja ya CFC-12 ikiachiwa hewani hupasha dunia joto kwa kiwango cha zaidi ya kilo 10,000 za kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka mia moja. Hata tukichukulia kwamba kuiteketeza kunakula kilowati-saa kumi za umeme unaotokana na makaa ya mawe, hewa chafu ya umeme huo haifiki hata sehemu moja ya mia tano ya madhara yaliyozuiwa. Si ajabu kwamba plazma ya argoni imo katika orodha ya njia zilizoidhinishwa chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni.

Nimetaja kule kupoozwa kwa ghafla, na sina budi kurudi hapo kwa sababu ndipo mitambo mingi hupimika. Dioksini na furani, sumu ambazo zimeharibu sifa za matanuri ya taka duniani kote, kwa sehemu kubwa hazitokani na kitu kushindwa kuungua. Huzaliwa upya wakati gesi inapopoa, hasa kati ya nyuzi 250 na 450, juu ya chembe za vumbi zenye kaboni, klorini na metali kama shaba inayochochea mmenyuko. Tanuri linaweza kuvunja kila molekuli ya PCB na bado likatoa dioksini mita kumi mbele, ndani ya boila inayokusanya joto ili kuzalisha mvuke. Hapo pana mgongano wa dhahiri: anayetaka kuuza nishati lazima apoze gesi polepole ili avune joto lake, na anayetaka kuzuia dioksini lazima aipoze upesi na akubali joto hilo lipotee katika maji. Mtambo unaodai kufanya yote mawili kwa ukamilifu, huku ukilishwa taka zenye klorini nyingi, unastahili kuulizwa maswali mengi kuliko mingine. Plazma haina kinga ya asili dhidi ya tatizo hili. Ilichonacho ni gesi kidogo, na gesi kidogo ni rahisi kuipoza haraka.

Kuna na ile nambari nyingine inayopendwa sana, 99.9999. Asilimia hiyo ina maana kwamba katika kila tani moja ya sumu iliyoingia, isiyozidi gramu moja ndiyo inayotoka, na plazma huifikia mara kwa mara. Msomaji makini huuliza gramu hiyo inatokea njia gani. Upo ufanisi unaohesabu kile tu kinachotoka kwa bomba la hewa, na upo ufanisi unaohesabu njia zote: hewa, maji machafu, vumbi la vichujio na mabaki magumu. Kipimo cha kwanza humpa alama nzuri hata yule aliyeihamisha sumu kutoka kwenye hewa akaiweka kwenye tope. Miongozo ya Mkataba wa Basel wa taka hatarishi juu ya vichafuzi sugu vya ogani, yaani sumu za kaboni kama PCB zisizooza kwa urahisi, huvitenganisha vipimo hivyo viwili, na ningependa kila mamlaka inayopokea ombi la kibali iudai ule wa pili. Suala hili lina haraka yake, kwa kuwa Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti vichafuzi hivyo, umezitaka nchi wanachama ziache kutumia vifaa vyenye PCB ifikapo 2025 na zifanye juhudi za kuhakikisha taka zake zinashughulikiwa kwa usalama ifikapo 2028. Akiba kubwa ya mafuta hayo bado inasubiri, na wauzaji wa mitambo wanalijua hilo vizuri kuliko wanunuzi.

Mpaka hapa nimezungumzia molekuli, na molekuli huvunjika. Metali ni habari nyingine. Zebaki, risasi, kadimiamu na aseniki ni elementi, na hakuna tao la umeme linaloweza kuziharibu. Linaloweza kufanya ni kuamua zitakwenda wapi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 na kadimiamu kwenye nyuzi 767, kwa hiyo katika tanuri lenye nyuzi 1,500 zote mbili hupanda pamoja na gesi, na zisiponaswa kwa vichujio na kwa mkaa maalumu zitatoka nje. Metali zinazochemka kwa shida, kama kromiamu na nikeli, huzama chini na kuingia katika dimbwi lililoyeyuka. Dimbwi hilo, likiwa na silika ya kutosha na likapoa ipasavyo, huwa kioo cheusi kigumu ambacho muundo wake huzifunga metali hizo ndani ili maji ya mvua yasizichukue kwa urahisi. Ubora wa kioo hicho hautokani na tochi bali na mapishi: uwiano wa silika, chokaa, alumina na chuma. Nimeona michoro mingi ya mitambo ambamo kioo kinachorwa kama zawadi inayojitokeza yenyewe, tayari kwa kujengea barabara, ilhali kila shehena mpya ya taka hubadilisha uwiano huo na kulazimisha upimaji mpya wa kile kinachovuja.

Asbestosi ndiyo taka ambayo njia hii ya kuyeyusha inaifaa kuliko zote. Hatari yake haiko katika kemia bali katika umbo: ni madini ya kawaida ya silika yaliyojipanga kuwa nyuzinyuzi nyembamba zinazoingia mapafuni na kubaki humo. Krisotili, aina iliyotumika zaidi, hupoteza maji ya ndani ya fuwele zake na kuvunjika umbo kwenye nyuzi 800 hivi, na ikiyeyushwa kabisa hakuna unyuzi unaobaki. Huko Morcenx, kusini magharibi mwa Ufaransa, kiwanda cha Inertam kimekuwa kikiyeyusha taka za asbestosi kwa tochi za plazma tangu miaka ya 1990. Mawe meusi yanayotoka humo, yaliyopewa jina la Cofalit, yametumika kama kokoto za misingi ya barabara, na watafiti wa Ufaransa wameyachunguza hata kama kitu cha kuhifadhia joto la mitambo ya nishati ya jua. Kuzika asbestosi ni rahisi zaidi kwa bei, lakini mwenye shimo huachiwa deni la uangalizi lisilo na tarehe ya mwisho. Kuyeyusha hulifuta deni hilo.

Taka za mionzi hufuata mantiki tofauti kidogo. Huko Würenlingen, Uswisi, kituo cha ZWILAG kina tanuri la plazma lililoanza kupokea taka za mionzi hafifu mwaka 2004. Mapipa ya lita 200 huingizwa bila kufunguliwa, hukatwa na kuyeyushwa pamoja na vilivyomo ndani ya tanuri linalozunguka, kisha mchanganyiko wote humiminwa katika kalibu na kuwa kioo. Mionzi haipungui hata kidogo, maana kiini cha atomi hakijui habari za tao la umeme. Kinachopungua ni ujazo, na kinachoongezeka ni uthabiti wa kile kitakachozikwa. Faida kubwa kwa wafanyakazi ni kwamba hakuna anayelazimika kufungua pipa la zamani na kuchambua kwa mikono kilichomo. Adha yake ni sesiamu, ambayo huchemka kwenye nyuzi 671 na hupenda kupanda na gesi kuliko kubaki katika kioo, hivyo mfumo wa kusafisha gesi nao huwa chanzo cha taka za mionzi. Bulgaria nayo imejenga tanuri la aina hiyo katika kituo cha nyuklia cha Kozloduy.

Kazi ya kila siku ya kuendesha mitambo hii haina utukufu wa michoro. Elektrodi hulika, na maisha yake huhesabiwa kwa mamia ya saa, si kwa miaka. Maji ya kupoza tochi hubeba sehemu isiyo ndogo ya umeme uliolipiwa, na tobo dogo kwenye njia ya maji hayo karibu na dimbwi lililoyeyuka ni hatari ya mlipuko. Matofali ya tanuri huliwa na chumvi na metali zilizoyeyuka. Halafu kuna jambo ambalo wanaoendesha tochi kwa hewa ya kawaida ili kuepuka gharama ya argoni hulisahau: tao la umeme hewani huunganisha naitrojeni na oksijeni kuwa oksidi za naitrojeni. Kristian Birkeland na Sam Eyde walilitumia jambo hilohilo kwa makusudi huko Norwe kuanzia 1903, wakatengeneza mbolea kutokana na hewa, na kampuni ya Norsk Hydro ikazaliwa kutokana na tao lao. Kilichokuwa bidhaa kwao ni kichafuzi kwa mwenye tanuri la taka, ambaye lazima ajenge mtambo mwingine wa kuziondoa oksidi hizo.

Mtu akiyajua hayo hatashangaa kwamba miradi iliyoanguka kwa kishindo ni ile iliyoiondoa plazma kwenye taka chache zenye sumu kali na kuipeleka kwenye takataka za miji ili izalishe umeme wa kuuza. Kule Tees Valley, Uingereza, kampuni ya Air Products ilijenga mitambo miwili, kila mmoja ukikusudiwa kupokea takriban tani 350,000 kwa mwaka na kutoa megawati 50 hivi. Aprili 2016 ilitangaza kuiacha, na hasara iliyoandikwa vitabuni ilikadiriwa kati ya dola milioni 900 na bilioni moja. Huko Ottawa, Kanada, kampuni ya Plasco iliomba kinga dhidi ya wadai wake mwaka 2015 kabla ya kujenga kiwanda kikubwa ilichoahidi. Utashinai, Japani, ilikuwa na mtambo uliofanya kazi kuanzia 2003 hadi ulipofungwa 2013. Kila mradi ulikuwa na matatizo yake, lakini mzizi naona ni mmoja. Takataka za mji hubadilika kila saa kwa unyevu, majivu na plastiki. Gesi inayotokana nazo, ambayo ndiyo huchomwa ili kuzalisha umeme, hubeba lami na vumbi ambavyo injini na tabo za kuzalishia umeme hazivipendi. Na sehemu ya umeme unaozalishwa hurudi kulisha tochi zenyewe. Tanuri la kawaida lenye wavu huvumilia mabadiliko hayo kwa gharama ndogo zaidi. Kwa takataka zisizo na sumu maalumu, plazma haina hoja ya kusimamia, na ningesema vivyo hivyo juu ya sehemu kubwa ya taka za hospitali, ambazo mvuke wa shinikizo ndani ya otoklevu huua vijidudu vyake bila kuunguza kitu chochote.

Isipokuwa pale ambapo nafasi ni ghali kuliko umeme. Meli ya kivita ya Marekani USS Gerald R. Ford ina mtambo wa tao la plazma wa kuteketezea takataka za mabaharia wake, teknolojia iliyokuwa imejaribiwa kabla katika meli ya abiria ya kampuni ya Carnival. Melini nishati ipo tele, sakafu ni finyu, na mtambo unaowaka na kuzimika upesi una maana.

Taka itakayoamua mustakabali wa fani hii, nadhani, ni PFAS, lile kundi la kemikali zenye florini zilizotumika katika povu la kuzimia moto, mipako ya vyombo na nguo zisizoloa. Mbili kati yake zimeingizwa katika Mkataba wa Stockholm: PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Kifungo cha kaboni na florini kina nguvu ya takriban kilojuli 485 kwa moli, kikilinganishwa na 339 hivi za kaboni na klorini, na hapa kwa mara ya kwanza ukali wa joto unakuwa hoja ya kweli. PFAS ikivunjwa nusunusu, kaboni moja inaweza kubaki na florini nne na kuwa CF4, gesi isiyo na harufu, isiyoonyeshwa na vipimo vya kawaida vya bomba, inayodai joto la zaidi ya nyuzi 1,400 ili ivunjike, na ambayo ikishafika angani hukaa kwa takriban miaka 50,000 ikipasha dunia joto kwa zaidi ya mara 6,000 ya uzito uleule wa kaboni dioksidi.

Kwa maji yenye PFAS kidogo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Clarkson, Marekani, wamefuata njia ya tofauti kabisa: plazma baridi, ambayo elektroni zake zina nguvu nyingi huku gesi yenyewe ikibaki karibu na joto la kawaida. Mapovu ya argoni hupandishwa ndani ya maji, na kwa kuwa molekuli hizo zina tabia ya sabuni, hujikusanya juu, mahali hasa ambapo plazma inawashwa. Molekuli ndefu huvunjika upesi. Zile fupi hazipendi kukaa juu ya maji, kwa hiyo husalia chini na kuikwepa plazma.

Kwa povu lenyewe na kwa mkaa wa vichujio ulioshiba PFAS, tochi ya joto kali pamoja na mvuke wa kutosha inaonekana kuwa chaguo la maana. Lakini ripoti inayosema tu kwamba PFOA haikuonekana tena baada ya mtambo haitoshi kwangu. Florini yote iliyoingia inapimika, na florini yote inayotoka kama floridi katika maji ya soda inapimika pia. Kiasi cha pili kikipungua kutoka cha kwanza, pengo hilo lazima litafutwe kwenye bomba la hewa kwa chombo kinachoweza kuiona CF4, na kibali kisubiri mpaka lipatikane.